Gunia la Mkonge Sakafuni

Siku yangu ya kwanza kazini, Uhuru ukiwa bado mpya, nilipewa ndoo ya dawa ya kuoshea vidonda nikaambiwa nisimame nisubiri. Hiyo ilikuwa Handeni, katika zahanati ya upande wa Chanika. Sikujua nasubiri nini, wala sikuuliza. Shule niliiachia njiani, na cheo changu kilikuwa dresa, yaani mfunga vidonda. Tabia ya kutouliza nilianza nayo siku hiyo.

Wakati watu wanahamia vijiji vya Ujamaa, nami nikahamishiwa Korogwe, hospitali ndogo ya shamba la mkonge. Mkubwa wetu alikuwa Mganga Mfawidhi, mtu wa maneno machache. Siku moja alirudi kutoka kozi, akaniita.

"Moyo ukisimama, unaweza kuusukuma kwa mikono," akasema.

"Wa maiti, Bwana Mganga?"

"Bado hajawa maiti. Ndiyo maana unaharakisha."

Akanionyesha: kiganja juu ya kiganja katikati ya kifua, mikono imenyooka, unakandamiza na kuachia, na mwenzako anampulizia mgonjwa hewa mdomoni. Akaniagiza niwafundishe wauguzi wa chumba cha majeruhi. "Sakafuni," akasisitiza. Nikaitikia ndiyo. Niliogopa nikiuliza sababu ataona elimu yangu ilipoishia.

Sanamu ya kufundishia hatukuwa nayo, basi nikashindilia nyuzi za mkonge kwenye gunia, nikalilaza chini. Wauguzi walicheka sana.

"Bwana Dresa, mgonjwa wako ana jina?" aliuliza Mwanaidi, binti kutoka Mkumbara.

"Mwite Mzee Mkonge."

"Shikamoo, Mzee Mkonge!" Akapiga magoti, akaanza. Alikuwa hodari kuliko wote, na lazima niseme, kuliko mimi mwenyewe.

Asubuhi moja mkulima mmoja mzee aliletwa na wanawe wawili. Alipofika tu akazimika, wakamlaza kitandani. Niliitwa mbio, nikamkuta Mwanaidi juu yake anakandamiza, jasho linamtoka, na kitanda cha springi kinapanda na kushuka naye.

"Mshusheni chini!" nikasema.

Wale wana wakasimama mbele yangu. "Baba awekwe chini? Kwani ameshakufa?"

Siwalaumu. Kumshusha mtu kitandani mbele ya wanawe ni kama kutangaza msiba. Mwanaidi akanitazama, anangoja nitoe sababu. Sikuwa nayo. Labda ningetoa moja tu wangenipisha. Mwanaidi akaendelea pale pale juu ya godoro, mpaka mkubwa wetu akafika na kutuambia tuache.

Baadaye alituita ofisini, kalamu mkononi, barua ya kumshtaki Mwanaidi mbele yake.

"Kwa nini hukumshusha tangu mwanzo?"

"Bwana Mganga, nilidhani gunia tunalilaza chini lisichafue mashuka. Lina vumbi la mkonge."

"Godoro linakula nguvu yako! Linabonyea lenyewe, kifua hakibonyei. Nani alikufundisha?"

Mwanaidi akainama.

"Ni mimi," nikasema. "Sikumwambia sababu. Ndiyo kwanza naisikia."

Mganga akaweka kalamu chini. "Na mimi sikukuambia," akasema, akaichana barua. Alisema hivyo mbele yetu wote wawili, naandika ili haki yake isipotee.

Nilimuuliza kama yule mzee angepona sakafuni. Akajibu, "Wengi hawarudi hata ukifanya sawasawa." Mpaka leo sijui kama ndio ukweli wenyewe au alinihurumia.

Fundi seremala akatuchongea ubao wa kuingiza chini ya mgongo wa mgonjwa, asilazimike kushushwa. Nikafundisha kwa ubao ule miaka mingi, kila mara nikiwa na shaka kama kuna jambo jingine nimelisahau.

Siku niliyostaafu nilipita kuaga. Mwanaidi, sasa ndiye Sista Mkuu, alikuwa anafundisha wauguzi wapya kwa gunia lile lile lenye viraka.

"Sista, ubao wa nini?" mmoja akauliza.

Akanigeukia. "Shikamoo, mzee. Hebu waambie wewe."

Nikawaambia. Maelezo yote yakaisha kwa pumzi moja, na wale vijana wakaitikia, "Kumbe!"

Sijui kama wale wana wawili wa yule mkulima nao wangesema hivyo, kama ningewaambia siku ile.