Mkwe aliyesimama upande wa Digna

IFAKARA. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, Digna Lukelo anarusha mchele juu na kuudaka kwa ungo. Pumba zinapeperuka na kumtua kwenye nywele na kwenye kope. Nyuma yake mashine ya kukoboa inanguruma, na wenye magunia wanamhimiza.

"Dada Digna, wangu una chuya nyingi. Fanya taratibu."

"Tulia, kaka. Utakula wali, hutatafuna mawe."

Anacheka. Wanaomfahamu wanasema huko nyuma hakuwa mtu wa kucheka. Mwaka juzi, 1995, alikuwa akipepeta hapa hapa huku machozi yakimtoka, na akiulizwa, alisingizia pumba.

Mumewe, Amedeus, dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa ya Kidatu, alikuwa amepata mwanamke mwingine huko. Miaka miwili hakukanyaga nyumbani. Digna alibaki na watoto wawili na ujira wa shilingi mia moja kwa kila gunia analopepeta. Siku ambazo mashine haina mteja, walikunywa uji wa chenga, wakalala.

Baraza la usuluhishi liliwaita, likashindwa kuwapatanisha. Shauri likaenda Mahakama ya Mwanzo, na ndoa ikavunjwa. Hapo likabaki swali moja: Amedeus atoe matunzo kiasi gani?

"Talaka niliitegemea," anasimulia Digna. "Nilichoogopa ni kile kitakachofuata. Nilijiona narudi kwa kaka yangu, kijijini Masagati, na watoto, tukale kwa kunyenyekea."

Amedeus aliieleza mahakama kwamba mshahara wake ni shilingi elfu thelathini na tano tu kwa mwezi, na kwamba hana kipato kingine. Shamba la mpunga la Idete, alisema, ni la mama yake.

Hakimu akamgeukia Digna. "Mama, wewe unaona kiasi gani kitakutosha?"

Digna akapiga hesabu kichwani. "Nilitaka kusema elfu tatu, nisionekane nina tamaa," anasema. "Na elfu tatu nilijua haifiki popote."

Kabla hajajibu, alisimama Mama Yosefina, mzazi wa Amedeus. Alikuwa amekuja kutoka Idete kama shahidi wa mwanawe. Akaomba ruhusa ya kusema, akapewa.

"Mheshimiwa, lile shamba ni la huyu kijana. Alilinunua mwenyewe. Mimi kazi yangu ni kulinda ndege tu. Na mwaka jana tulivuna magunia kumi na nane. Sitaki wajukuu zangu walale njaa kwa uongo uliosemwa kwa jina langu."

Amedeus aliinamisha kichwa. Digna naye alishindwa kumtazama mkwewe, kwa kuwa tangu asubuhi alikuwa amemhesabu miongoni mwa adui zake.

Hakimu na wazee wa baraza waliondoka kwenda kushauriana. Waliporudi, walikuwa wamepima mshahara, mavuno, ujira wa Digna na mahitaji ya watoto. Mzee mmoja ndiye aliyetoa wazo kwamba sehemu ya matunzo iwe mpunga, maana bei hupanda kila siku, lakini tumbo la mtoto halibadiliki. Ikaamriwa shilingi elfu nane kila mwezi, na magunia manne ya mpunga kila mavuno.

Bado Digna hakuamini. Amri ni amri, aliwaza, lakini nani atamfuata Amedeus huko Kidatu?

Mavuno yalipofika, trela lilisimama mbele ya mashine. Amedeus akashusha magunia mwenyewe, moja moja. La nne lilipotua, Digna aliketi juu ya lundo la pumba.

"Sikulia," anasema. "Nilipumua tu, kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani."

Amedeus hakatai yaliyotokea. "Nilimnunia mama muda mrefu," anasema. "Sasa nikipita mjini, Eveline ananikimbilia, ananiamkia. Zamani nilikuwa nazunguka njia ya nyuma nisionekane."

Eveline, binti yao mkubwa, yuko darasa la tano. Ada imelipwa, na Digna ameanza kufyatua matofali. Anataka kuongeza chumba chenye mlango wake, kwa ajili ya Mama Yosefina, ambaye macho yake yameanza kufifia na ndege sasa anawasikia tu, hawaoni.

"Ndoa imekufa, ukwe haujafa," anasema Digna. "Yule ni bibi wa wanangu. Akichoka Idete, aje."

Mama Yosefina alipopelekewa habari hizo, alijifuta macho kwa pindo la kanga.

"Mwambieni mkamwana wangu nimesikia," akasema. "Ila mlango auache mpana. Nitakuja na kuku wangu."