Siku za Soko Mpakani

Kazi yangu ni ukalimani. Nilisoma Kifaransa nikiwa binti, na tangu hapo mikutano ya hoteli za Mji Mkongwe ndiyo inayoniweka mjini. Mwaka juzi majirani wa Kongo walikuja kwetu kuzungumzia vita vya mashariki ya nchi ile. Kila ujumbe ulitaka amani, na kila ujumbe ulikuwa na lake: huyu barabara ya malori yake, yule wakimbizi warudi kwao, mwengine mpaka wake usipitishwe silaha.

Aliyeshikilia zaidi kwamba mpaka ubaki umefungwa alikuwa mwanajeshi mstaafu wa nchi jirani, mtu mzima mwenye sauti ya chini. "Tukifungua, bunduki zitapita ndani ya magunia ya maharage," alisema kwa Kiingereza, nami nikafasiri.

Baada yake akapewa nafasi mama mmoja wa Kikongo, mfanyabiashara wa maharage. Akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Baba, magunia hayo ni yangu. Mama yangu mzazi yuko upande wako, anaumwa. Nyumba yake ninaiona nikisimama sokoni. Tangu mfunge njia sijamgusa."

Nilitakiwa niyatie maneno hayo katika Kifaransa. Nikazima kipaza sauti ndani ya kibanda changu cha vioo, tunamokaa wakalimani, nikamsikiliza na mimi. Sidhani kama kuna aliyegundua. Wengi walikuwa wameshavua vifaa vya masikioni, wanamsikiliza mwenyewe.

Wakati wa chai nilimkuta mzee yule mwanajeshi amekaa na mama yule uani. Akaniita. "Njoo utusaidie, Bi Mkalimani. Kiswahili chetu kinapishana."

"Naam," nikasema, nikavuta kiti.

Akamweleza kwamba kombora lilivuka mpaka likaangukia mtaa alikozaliwa. Majirani zake aliwazika mwenyewe. "Sikufunga kwa chuki, mama."

"Pole, baba," akajibu yule mama, macho yamemjaa machozi. Kisha, bila kungoja: "Basi tupekueni. Wekeni askari wanawake, watupekue hadi kwenye vilemba. Lakini siku za soko tupite."

Mzee akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu afike. Kesho yake alibishana asubuhi nzima, hata na watu wa ujumbe wake mwenyewe, mpaka sentensi moja ikaingia katika tamko: wafanyabiashara wadogo waruhusiwe kuvuka siku za soko, kwa majaribio, wakipekuliwa na askari wa pande zote mbili.

Vita havijaisha. Njia ile imeshafungwa tena na kufunguliwa tena. Lakini miezi michache baada ya mkutano nilikuwa Mlandege nanunua vitambaa vya mapazia, ukaingia ujumbe wa sauti kwenye simu. Alikuwa yule mama; namba tulipeana siku ya kuagana.

"Dada, nimelala kwa mama. Nimemwogesha, nimempikia."

Nyuma yake nikasikia bibi anakohoa, anauliza binti yake anaongea na nani.

Nikausikiliza tena pale pale dukani, mwenye duka ameshika kitambaa mkononi ananishangaa.