Jibu la Kwanza la Mashine ya Dar es Salaam

Katika miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa niliajiriwa na ofisi moja mjini Korogwe, kuandika programu za kompyuta ambazo sikuwahi kuziona zikifanya kazi. Kompyuta zilikuwa mbili: moja ya zamani, Tanga, nyingine mpya, Dar es Salaam, iliyotengenezwa katika nchi nyingine kwa mpango mwingine kabisa. Niliandika kwa penseli, mtoboaji wetu wa kadi akayageuza maandishi yangu kuwa matundu, kadi zikafungwa kwa kamba ya katani na kupakiwa kwenye basi. Majibu yalirudi baada ya wiki moja, pengine mbili.

Kazi yangu hasa ilikuwa kutunza maktaba. Haikuwa ya vitabu. Ilikuwa mkusanyiko wa vipande vifupi vya programu, ambavyo programu nyingine zote ziliviita kila zilipotaka kuiomba mashine jambo: fungua utepe wa sumaku wa kuhifadhia habari, soma, andika. Kila mashine iliombwa kwa namna yake. Nami, kwa kiburi cha mtu aliyetoka kupata shahada ya pili, nilikuwa nimeahidi kwa maandishi kwamba kifurushi kimoja cha kadi kingetumika kwenye mashine zote mbili bila kubadilishwa hata kadi moja.

Ukiiambia mashine ya Tanga iandike jina kwenye utepe, ilinyamaza hadi imemaliza kuandika, ndipo ikajibu sifuri, yaani salama. Ile ya Dar es Salaam ilijibu sifuri papo hapo, ikimaanisha tu kwamba imelisikia ombi. Kama utepe ulikuwa na kovu na jina halikuandikika, hukujua mpaka uiulize mara ya pili. Ukurasa huo wa mwongozo niliusoma. Nataka hilo lieleweke: niliusoma, nikaupigia mstari, nikaufikiria siku tatu. Swali la pili halikuwapo Tanga. Kuliongeza kungenilazimu kutunza vifurushi viwili. Nikajaribu kwa orodha fupi, majina yote yakatoka. Nikajiambia kwamba sifuri ni sifuri.

Orodha ya kweli ilikuwa ya kaya zilizohamishwa upande wa Handeni, ambazo zingepewa mahindi ya msaada, kwa kuwa mvua zilikuwa zimekata na mashamba mapya yalikuwa bado pori. Baba mdogo, aliyenilea, alikuwa amehamishiwa kitongoji kimoja kwenye njia ya Kwamsisi, pamoja na mama yake, bibi yangu. Orodha ilichapwa Dar es Salaam, ikaletwa mezani kwangu. Ilionekana kamili. Jina lililopotea kwenye utepe haliachi pengo.

Siku mbili baadaye baba mdogo alitokea mlangoni, kanzu imejaa vumbi la lori.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo. Habari za nyumbani?”

“Njema. Salama tu.”

“Na bibi?”

“Yupo. Anakusalimu.”

Nilimshukuru Mungu, nikaagiza aletewe chai, nikarudi kwenye karatasi zangu. Alikunywa polepole, akizitazama.

“Hayo ndiyo majina ya watu?”

“Ndiyo, baba.”

“Yote?”

“Yote.”

Aliweka kikombe chini, akasema lori halimngoji mtu, akaondoka.

Aliyezaliwa kwetu hahitaji kufundishwa kwamba salama ya kwanza ni heshima tu. Habari yenyewe huja baadaye, watu wakishakaa, mgeni akishaona kwamba amepewa sikio. Nimelelewa ndani ya desturi hiyo. Nilikwenda kusoma mbali nikarudi nayo. Lakini siku ile sikuuliza tena, na mtu mzima wa kwetu hamlilii njaa mtoto aliyeinamia karatasi.

Habari niliipata wiki tatu baadaye kwa dereva: lori la mahindi lilifika, majina yakasomwa, kitongoji chote cha baba mdogo hakikuitwa; majina yao yalikuwa yameangukia kwenye kovu la utepe. Walikuwa wamekula mbegu, kisha mizizi ya porini. Bibi alikuwa amezikwa. Alikuwa mzee sana, na siwezi kuthibitisha kwamba angeishi kama angekula. Nimelipima jambo hilo kwa njia zote ninazozijua, na halijawahi kunipa jibu ninalolitaka.

Nilipomweleza mtoboaji wa kadi kilichotokea, alicheka kwanza. “Kumbe mashine ya Dar imelelewa! Inasema salama kabla ya habari, kama watu wa kwenu. Wewe msomi ndiye hukukaa uisikilize.” Kisha akauona uso wangu, akarudi kwenye kadi zake.

Mkuu wa ofisi alinitaka niandike kwenye ripoti “hitilafu ya mitambo.”

“Si mitambo, mzee. Ni kadi zangu.”

“Mitambo haina ndugu wa kuona aibu. Andika.”

Niliandika. Halafu nikatengeneza vifurushi viwili, cha Tanga na cha Dar es Salaam, swali la pili likiwa mahali pake. Kazi niliyoikwepa kwa miezi ilinichukua mchana mmoja.

Orodha mpya ilipotoka nilikwenda mwenyewe kitongojini, nikitangulia lori. Baba mdogo alikuwa amekaa mbele ya nyumba iliyopigwa udongo upande mmoja tu, akichonga mpini wa jembe.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Umefika?”

“Nimefika. Habari za hapa?”

“Njema.”

Nilikaa chini, si kwenye kigoda alichonisogezea. Sikumwambia habari ya lori. Nilitaka kwanza aseme yake: anishitaki, anitukane, anitajie siku bibi alipokata kauli. Maganda ya mti yalidondoka miguuni pake, moja baada ya jingine. Kivuli cha ukuta kikanifikia magotini, kikanipita.

“Habari za hapa, baba?” niliuliza tena.

Aliupima mpini kwa jicho, akanitazama kwa upole ule ambao watu wa kwetu huwapa makarani.

“Njema,” alisema. “Salama tu.”