Wanataka Nisimame Kanisani Niseme Niliua

Admin, nakuomba jina langu lisitokee, wala la kanisa letu, maana hapa Shauri Moyo tunajuana mlango kwa mlango. Nina miaka thelathini na mbili, nimeolewa, na nina binti wa miaka saba ambaye nitamwita Imani. Nilisoma hadi kidato cha nne na sasa nashona sare za shule sokoni Gikomba. Tangu shuleni nimekuwa na daftari ninaloandika kila siku, tarehe juu, yaliyotokea chini. Haya ninayowaambia nimeyanakili huko, asije mtu akasema nimeyatunga kwa hasira. Hasira ninayo, lakini haijaongeza neno.

Mwaka huu nilikuwa na mimba ya mtoto wa kiume. Tulikuwa tumemngoja miaka mitano. Wiki ya ishirini na mbili nikaanza kuvimba uso na miguu, kichwa kikauma kama kinapasuliwa. Jumanne asubuhi kliniki walinipima presha, wakapima tena kwa mashine nyingine, halafu wakanipeleka hospitali bila kuniruhusu nipitie nyumbani. Daktari, mama wa makamo, aliketi kando ya kitanda akatueleza mimi na mume wangu polepole. Figo zilikuwa zimeanza kushindwa, damu haigandi vizuri, na wakati wowote ningeshikwa na kifafa cha mimba. Tiba yake ni mimba kutoka. Mtoto alikuwa mdogo mno, nje hawezi kuishi, na ndani hawezi kuishi bila mimi. "Tukingoja, mama, mtazikwa wawili," akasema.

Mume wangu alitoka kupiga simu. Alimpigia mama yake huko Kakamega, kisha pasta. Mama mkwe akasema yeye amezaa saba na hakuna aliyewahi kumpima presha, na kwamba mama wa kweli hajipimi na mtoto wake ajue nani mzito. Pasta akasema tusiweke sahihi popote, kanisa linaingia kwenye mfungo wa siku tatu. Mume wangu akarudi akamwambia daktari tungoje hadi Ijumaa, kama mtu anayeahirisha kikao. Daktari hakubishana naye. Alinigeukia mimi, akasema sahihi inayohitajika ni yangu.

Niwe mkweli, kwa sababu wapo watakaoniuliza. Mtoto alikuwa anacheza. Mume wangu aliushika mkono wangu akauweka tumboni, akaniuliza, "Msikie. Huyu amekufa?" Nilimsikia. Pia kalamu moja mkononi mwa nesi nilikuwa naiona mbili, na nilikuwa namfikiria Imani, aliyekuwa darasani akijua nitakwenda kumchukua. Nikaweka sahihi. Mtoto alitoka kesho yake mchana. Urefu wake ulikuwa kutoka kiganja changu hadi kiwiko. Nilimbeba ndani ya leso. Mume wangu alimlilia sana. Mimi hakuniangalia.

Wiki mbili baada ya kutoka hospitali, wazee wa kanisa waliniweka chini ya nidhamu. Siruhusiwi kushiriki meza ya Bwana, nimevuliwa ukatibu wa kikundi cha akina mama, na ili nirudishwe kundini lazima nisimame mbele Jumapili nisome karatasi ya toba. Wameshaniandikia. Inasema nilitoa uhai wa mtoto wangu kwa kukosa imani. Nilipoisoma niliyatambua maneno yale, ni yangu. Kwa miaka sita, nikiwa katibu, mimi ndiye niliyeandika karatasi hizo. Nilikuwa nabadilisha jina na kosa tu, mengine nanakili. Kuna msichana wa kwaya aliyepata mimba kabla ya ndoa. Alisoma yake akilia, nami nikiwa safu ya mbele nikamwambia aongeze sauti, watu wa nyuma hawasikii. Nimewakasirikia wote, lakini hapo nimejikasirikia mwenyewe.

Jirani yangu mmoja, mama wa umri mkubwa anayesali kanisa hilo hilo, alinijia jikoni akaninong'oneza kwamba binti yake alifariki hivi hivi, wakingoja, na kwamba nilifanya vizuri. Nikamuuliza kama atasema hivyo Jumapili. Akasema, "Mwanangu, usiniingize," akaondoka na bakuli lake.

Hasira yangu kubwa ni kwa mume wangu. Hajanipiga, hajanitukana. Ananisalimia kama mpangaji mwenzake. Juzi, siku yake ya mapumziko, tulikuwa tunakula mchana nikamwambia, "Baba Imani, mimi ningekufa mngeimba nyimbo, mseme ni mapenzi ya Mungu." Akanawa mikono kwanza, ndipo akanijibu taratibu, "Watu hufa, Mama Imani. Lakini hawaui." Baadaye akalainika, akasema nisome tu karatasi, ni maneno, nikishayasema yameisha. Nisiposoma, mama yake anayekuja kwa ibada atarudi na Imani ushago, kijijini kwao Kakamega, Jumatatu, kwa sababu mtoto halelewi na mama aliyetengwa na kanisa. Mume wangu ameshazungumza na mwalimu kuhusu uhamisho. Begi la nguo za mtoto limeshashushwa kutoka juu ya kabati.

Leo ni Jumatano. Nikisoma, Imani anabaki, lakini atakuwa ameketi pale pale kwenye benchi akimsikia mama yake akiwaambia watu wote kwamba alimuua ndugu yake. Ana miaka saba, ataamini. Nikikataa, anaondoka, na atakayokuwa anaambiwa huko kunihusu sitakuwepo kuyajibu. Wewe unayesoma, ungekuwa mimi, Jumapili ungesimama au ungebaki umeketi? Nishaurini. Msiniambie niombe. Kuomba ninaomba. Niambieni nifanye nini.