Nilijibu "maji ni maji", mama akakosa kumwona kaka yake

Wakuu, salamu kutoka Kasongo. Ninayoandika hapa sijaongeza chumvi. Mwenye kutaka kunitukana mwishoni, ruksa, nimeshajitukana vya kutosha.

Nina kanorapidi, ile boti ya mbio. Injini imekaa ndani, na kwa nje nyuma kuna mguu wenye panga linalozunguka majini. Pampu inavuta maji ya mto kupitia mguu huo na tiyo moja ya mpira, ili moteri isichemke.

Tiyo ya zamani ilikuwa imepasukapasuka, ukiikunja inatoa unga mweusi. Nikaenda soko kwa Baba Kashindi, anayeuzia wachimbaji wa Lusangi vifaa vya pampu.

Akaniuliza, "Unataka tiyo ya kuvuta ao ya kusukuma?"

Watu nyuma yangu walikuwa wanasikiliza. Mimi bwana mwenye boti, nionekane sijui? Nikacheka. "Baba, maji ni maji. Leta ile laini, hii ngumu haipindiki."

"Haya, moteri iko yako," akasema, akaikata.

Nikaifunga mwenyewe. Wiki mbili ikafanya kazi safi, nami nikajisifu kwa kila mutu pale kivukoni. Mjinga mimi.

Bon. Asubuhi moja simu ikalia. Mjomba, kaka wa pekee wa mama, amefariki kijijini kwake, huko mto unakoteremkia. Sisi ni Waislamu, hatulazi maiti. Binamu akasema watazika baada ya alasiri. Barabara ilikatwa na mvua, hata pikipiki haipiti.

Mama alisema kitu kimoja tu: "Wambie nimuone uso kwanza, halafu wamupeleke."

Kwa mwendo wangu wa siku zote, ule wa polepole na mizigo, tungefika mapema na nafasi ingebaki. Lakini mama analia mbele yangu, ningeendaje polepole? Nikafungua gesi yote, mwendo wa mwisho.

Haikupita nusu saa, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho. Harufu ya mpira ikatujia. Nikazima, nikafungua kifuniko, nikakuta tiyo imelala bapa kama ulimi wa mbuzi.

Ndipo swali la Baba Kashindi likaniingia, wakuu. Tiyo ya kusukuma, maji yanaijaza yenyewe. Ya kuvuta lazima iwe na waya ndani, la sivyo ikifyonzwa kwa nguvu inajifunga. Ile ngumu niliyoikataa ndiyo iliyokuwa na waya! Pampu yangu ikakosa maji, mpira wake wa ndani ukaungua. Hapo hata ningepewa tiyo mpya isingesaidia kitu.

Nikashika kasia. Kanorapidi si mtumbwi, unapiga kasia mikono inakufa na ukingo uko palepale. Mama akang'oa ubao wa kukalia, naye akapiga. Mama mzima wa wajukuu! Laiti angenitukana.

Alasiri ikatukuta mtoni. Binamu akapiga simu, akaniita kaka mkubwa kama kawaida yake: "Yaya, wazee hawawezi kungoja tena."

Tulifika jua linashuka. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini na udongo mikononi. Mama hakwenda kwa wanawake waliokuwa wanalia. Alipita nyuma ya nyumba, mahali walipomwoshea kaka yake, akakaa chini, akaweka kiganja pale. Palikuwa bado pabichi.

Funzo langu ni hili: mutu wa kazi akikuuliza, mujibu yeye, usijibu wale walio nyuma yako. Usipojua sema sijui, haiui. Mimi niliogopa aibu ya dakika moja sokoni, aliyelipa ni mama.

Mliowahi kuumizwa na ujuaji wenu, leteni yenu hapa chini nisijione peke yangu. Mafundi pia nirekebisheni, safari hii nasikiliza.

Na msiniambie mama atasamehe. Alishasamehe, kasema mwenyewe. Ila siku hizi akitaka kuvuka, anangoja mtumbwi wa watu.