Dawa Yangu Ndani ya Barafu ya Goziba

Ninyi mnaonisikiliza, nilikwenda kisiwa cha Goziba, ndani ya Ziwa Victoria, kuwaombea wagonjwa. Nilirudishwa nimelazwa juu ya makreti ya samaki, nikiwa karibu kufa, na kosa lilikuwa langu.

Nimezaliwa Bukoba, katika nyumba ya Walutheri. Kisukari kilinipata nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo ninajichoma insulini asubuhi na jioni. Nyumbani hatuna friji. Mama aliitunza dawa yangu ndani ya chungu kilichowekwa kwenye beseni la maji, penye kivuli cha migomba. Miaka sita niliishi hivyo, nikilima, nikiimba kwaya, nikicheka na wenzangu.

Kisha usharika wetu ukachagua vijana wanane kwenda kuhubiri visiwani kwa siku saba. Mimi nilipewa huduma ya kuwaombea wagonjwa. Nilimficha mwinjilisti aliyetuongoza ugonjwa wangu. Niliogopa kuachwa, na niliona aibu: ningewekaje mikono juu ya mgonjwa huku nina sindano mkobani? Hata kipimo cha sukari nilikiacha nyumbani.

Chungu nacho nisingeweza kukibeba bila kuulizwa. Tulipofika kambi ya wavuvi nilimwendea mama mmoja anayenunua samaki, nikamwomba anihifadhie kichupa changu kwenye sanduku lake la barafu.

"Dawa ya nini?" akauliza.

"Ya macho," nikamdanganya.

Akacheka. "Basi ichimbie hapo kwa sangara. Na wao wanakodoa macho kutwa."

Kesho yake kichupa kilikuwa kigumu kama jiwe. Nilikipasha kwapani mpaka kikayeyuka, nikajichoma nyuma ya choo. Sikujua kwamba insulini ikishaganda imeharibika.

Jioni ile kiu ilianza. Nilikunywa maji mpaka tumbo likavimba, nikawa nakojoa bila kupumzika. Siku ya tatu nilitapika mbele ya wavuvi tuliokuwa tukiwahubiria. Miguu ilikakamaa. Pumzi ikawa nzito na ya haraka, kama ya mtu anayepanda mlima, nami nilikuwa nimelala chini.

Wenzangu walinizunguka wakaomba. "Hii ni vita, wapendwa," mwinjilisti akasema. "Leo tufunge wote."

Nilisikia, nikanyamaza. Ulimi wangu ulikuwa bado unafanya kazi. Nilinyamaza kwa hiari yangu. Moyoni nilimwambia Mungu: niponye kabla hawajajua. Mungu hakujibu. Kupitia mlango wa kibanda niliona anga juu ya ziwa, nyeupe, tupu, na sijawahi kuwa mpweke kama saa ile.

Mchana yule mama wa barafu akapita. Aliinama akanusa mdomo wangu kama anavyonusa samaki.

"Huyu ananuka rubisi," akasema. Hiyo ni pombe yetu ya ndizi, na mwenye kisukari akikosa insulini pumzi yake hunuka hivyo.

"Mama, sisi hatunywi!" dada mmoja wa kwaya akaruka.

"Nani kasema amekunywa? Binti, ile dawa ni ya nini?"

"Sukari," nikasema.

Mwinjilisti alishika kichwa. "Sukari! Na mimi nimekufungisha!"

"Utajuta baadaye, baba. Sasa shika miguu yake," yule mama akamwambia.

Walinibeba hadi kwenye boti yake ya samaki, nahodha akalalamika kwamba mzigo haujajaa.

"Mzigo ni huu. Washa injini!"

Kati ya kisiwa cha Bumbire na bandari ya Kemondo nilijua ninakufa. Nilianza Baba Yetu, nikafika kwenye mkate, maneno yakanipotea. Nilimtaka mama yangu. Mama yule alikiweka kichwa changu mapajani, akawa ananilowesha midomo kwa kitambaa. "Usilale, binti. Nitukane ukitaka, lakini usilale."

Nilizinduka hospitalini Bukoba baada ya siku mbili, mikono yote miwili ina dripu. Daktari akasema, "Mngechelewa saa chache tu, tusingekuwa tunaongea." Nesi akaja na daftari. "Aliyekuleta anaulizia hali yako pale nje. Anaitwa nani?"

Nilikuwa nimemhubiria mama yule mara mbili. Nilimweleza habari za roho yake, nikaweka dawa yangu sandukuni mwake, na sikuwahi kumuuliza jina.

"Kamuulize mwenyewe," nikasema, nikajifunika shuka usoni.

Ilinichukua wiki nyingi kutembea bila kushika ukuta. Kabla ya safari iliyofuata, mwinjilisti aliuliza nani mwingine ana ugonjwa anaouficha. Mikono mitatu ikainuka.

Ninamshukuru Mungu, niliyedhani amenyamaza. Wewe unayeumwa, sema mapema, hata kama wewe ndiye unayewaombea wengine. Insulini ikiganda, itupe. Na yule mama anaitwa Adventina. Mkiomba leo, mtajeni kwa jina.