Komamanga Letu la Kwanza Limetoweka

Jamani, nani amechuma komamanga letu la kwanza?

Nimeamka leo nikakuta mti mtupu. Nikapiga kelele hadi jirani akatoka.

Kumbe ni mama mkwe! Ameketi nyuma ya jikoni, amelipakata kama mtoto.

Tangu tumzike mzee wake kule Adungosi, mama haongei sana.

"Mama, si ungekula tu?"

"Nimesikia komamanga likitajwa Biblia ikisomwa kanisani tangu nikiwa msichana," akasema. "Sikujua nitawahi kulishika."

Nikampasulia. Akaonja, akafumba macho, halafu akacheka. Alicheka, watu wangu! Leso yote imejaa maji mekundu.

Sasa anataka mche apande karibu na kaburi la mzee.

Aliye na mche hapa Amagoro ama Malaba, tafadhali aniambie.